Kiti cha Wifi

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika kitasa cha mlango wa nyapara. Nilikuwa nimekwenda kuacha kazi.

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa kifupi, maana mkosi wangu nikiumwaga wote hautaenea kwenye ukurasa huu. Mume wangu ni fundi rangi. Kamba ya jukwaa ilikatika akiwa juu ukutani, akaanguka, akavunjika nyonga. Daktari alimtia vyuma akamwamuru alale, asiukanyage mguu ule hata kwa mzaha mpaka mfupa ushike. Mimi nilikuwa fundi cherehani, na karakana niliyokuwa nashonea ikafungwa mwenyewe alipohama. Nyumba tukaiacha. Watoto tukawapeleka kwa mama yangu. Sisi wawili tukahamia kwa wifi, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye vyumba viwili na moyo wa kutugawia kimoja.

Wifi huyo ndiye aliyenitafutia kazi. Yeye ni mtu wa siku nyingi katika kiwanda cha kufua nguo, kile kinachopokea mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Alikuwa mkuu wa pasi. Alinishika mkono akaniingiza. Kabla hata sijazoea njia ya kwenda chooni, nyapara akasimama mbele ya wafanyakazi wote akatangaza kwamba tangu siku ile mkuu wa pasi ni mimi, na wifi aende chumba cha nguo chafu.

Wifi alivua aproni yake ya bluu, akaikunja vizuri, akaniwekea mikononi. Hakusema neno. Na nyumbani pia hakusema neno, siku ile wala zilizofuata.

Hapo ndipo tulipokuwa. Nikakizungusha kitasa, nikaingia.

Nyapara wetu kazini tunamwita Kikohozi. Si mgonjwa, ila hawezi kutoa sauti kabla hajakohoa, kama mtu anayebisha hodi kwenye mazungumzo yake mwenyewe. Alikuwa anakunywa chai akitazama uwanja wa magari dirishani.

Nilimwambia nimekuja kuaga. Nilisema nashukuru kwa kuniamini, lakini kazi siiwezi, amtafute mwingine.

Akakohoa. Akaniuliza kama kuna mtu amenikosea.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia siwezi kukaa kwenye kiti cha wifi yangu huku yeye anainamia magunia ya nguo chafu. Yule ndiye aliyenileta, na ndiye tunayelala kwake.

Hapa nisimame kidogo, maana nimeshawazoesha ukweli. Niliyomwambia Kikohozi yalikuwa kweli, lakini hayakuwa kweli yote. Kazi ile sikuipenda tangu siku ya kwanza. Mashine ya pasi ni mapipa mawili ya moto yanayozunguka, mapana kama mlango, na ukisimama mbele yake saa moja tu unahisi uso wako umekuwa wa mtu mwingine. Mikono ilinichubuka. Kelele zilinifuata mpaka usingizini. Kubwa zaidi, sikuona maana yake. Ukishona, mwisho wa siku kuna gauni ambalo asubuhi halikuwepo. Pale shuka linakuja chafu, linaondoka safi, na keshokutwa linarudi chafu lilelile. Kila nilipovaa viatu asubuhi nilijikaza kisabuni, na sabuni ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka. Nani angeniacha niseme "siipendi" wakati mume wangu yuko kitandani? Aibu ya wifi ilikuwa sababu nzuri. Ilinifanya nionekane mtu mwema.

Na jioni iliyotangulia mume wangu alikuwa amenimaliza kabisa. Alikuwa ameugeukia ukuta, hata sahani niliyomwekea hakuigusa. Alisema taratibu, bila hasira, na ndiyo maana iliniuma.

"Mama yetu alipofariki, dada aliacha shule akanibeba mgongoni," alisema. "Wewe umeshindwa kuacha kiti?"

Asubuhi nikavaa viatu nikatoka kimya, nikijisemea atayaona matendo yangu jioni.

Basi Kikohozi akaweka kikombe chini. Akanitazama kama mtu asiyejua acheke au akasirike.

"Kiti gani unachokisema wewe?" aliniuliza. "Wifi yako ndiye aliyekuja kukuombea hicho kiti."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Alisema wifi alimfuata hapohapo ofisini, akafunga mlango, akamwambia miguu yake haiwezi tena kupanda kile kiti kirefu na kukimbizana na mashine, aende chumba cha nguo chafu ambako kuna meza na stuli. Na nafasi yake nipewe mimi, kwa sababu nina jicho la fundi. Akamwomba na jambo jingine: atangaze kana kwamba uamuzi ni wake mwenyewe.

"Nikatangaza," alisema Kikohozi. "Tangu siku hiyo wanawake wote wa pasi wananitazama kama mwizi wa kuku. Sasa na wewe unakuja kuniachia?"

Akakohoa mara nyingine. Akaniambia amenipa mpaka mwisho wa zamu nifikiri. Nikiondoka, nafasi hairudi kwa wifi. Ataleta mtu kutoka nje, watafuta kazi wamejaa langoni.

Nilitoka pale nikaufunga mlango nyuma yangu. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Lilikuwa hasira. Kama aliniombea mwenyewe, kwa nini amenilisha ule ukimya? Kwa nini amemwacha mdogo wake aniite mnyang'anyi? Nilipita mbele ya mashine, wenzangu wakaniuliza kwa macho. Nikafuata kile kichochoro kinachonuka dawa mpaka chumba cha nguo chafu.

Mlango wake ni mapazia mazito ya plastiki. Niliyasukuma.

Wifi alikuwa peke yake, mwenzake amekwenda kula. Mbele yake palikuwa na meza ndefu ya bati, na juu yake kilima cha mashuka ya hospitali. Kazi ya chumba kile ni kutenganisha: ya damu huku, ya kawaida kule, na kukung'uta kila kitu, kwa sababu wauguzi husahau mambo ndani ya mashuka. Bandeji, vijiko, meno ya bandia. Na sindano. Ndiyo maana ukutani pamebandikwa picha ya glovu nene nyekundu, na kila mtu lazima avae.

Wifi hakuwa amevaa. Glovu zilikuwa zimelala pembeni ya meza. Alikuwa anayapapasa mashuka kwa vidole vitupu, pole pole, uso ameuinamisha karibu kabisa na kitambaa, kama anayenusa.

Nikasimama upande wa pili wa meza, mbele yake. Sikusema kitu. Nilitaka aniinulie uso anione nilivyokasirika, aanze yeye.

Akainua uso. Akanitazama sawasawa, ana kwa ana.

"Ya hospitali shusha kushoto," akasema. "Ya hoteli bado sijayafikia."

Alidhani mimi ni mtu wa toroli anayeleta mashuka.

Nilisimama vilevile. Hasira ilinitoka yote kwa mara moja, na mahali pake pakabaki baridi tupu. Nikaanza kukumbuka mambo, moja baada ya jingine, bila kuyaita. Nikakumbuka siku zangu za mwanzo, alipokuwa amekaa kwenye kile kiti kirefu chini ya taa, mwisho wa mashine. Shuka likitoka likifuka mvuke, mkuu wa pasi ndiye anayelitazama kama lina doa au tundu. Kila mara alikuwa akiniita mimi. "Wifi, njoo. Hapa unaona nini?" Nami nikimjibu: doa la chai, damu, pameungua. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Nilidhani ananipima. Kumbe nilikuwa macho yake.

"Wifi," nikasema. "Ni mimi."

Mikono yake ilisimama juu ya mashuka. Hakuuliza nimefuata nini. Alishusha pumzi, akatafuta stuli kwa mguu, akakaa.

"Umesimama hapo kwa muda gani?"

"Wa kutosha."

Mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma upande wa pili wa ukuta, na ilibidi nisogee karibu ili nimsikie.

Alinieleza bila kulia, kama anayesimulia habari za jirani. Lilianza jicho la kushoto, ukungu pembeni, akadhani ni mvuke wa kazini. Akajipa moyo. Alipokwenda kwa daktari wa macho akaambiwa ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone aliyopewa ni ya kulinda kile kilichobaki, na kilichobaki si kikubwa. La kushoto limezima. La kulia anaona mwanga na maumbo, na mtu akikaribia sana anamwona vipande.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza. "Tunalala nyumba moja."

"Ningemwambia nani? Yule?" Alimaanisha mume wangu. "Namjua, mimi ndiye niliyemlea. Akisikia dada yake haoni, atashuka kitandani siku hiyohiyo akatafute kazi. Atapanda jukwaa na vyuma vyake nyongani. Mfupa haujashika, wifi. Akiuvunja tena hatatembea."

"Na mimi?"

"Wewe nilikuleta ushike nafasi yangu kabla hawajaniondoa. Nilijua siku zangu zinahesabika. Mashuka yenye madoa yalishaanza kurudishwa na hoteli, nikijitetea kwa kuisingizia mashine. Wakigundua, wananitoa langoni, na nyumba nzima tunabaki tunatazamana. Nikasema bora mshahara mmoja ubaki na mtu wa kwetu."

Nilimuuliza lile lililokuwa limenileta. Kwa nini basi alininunia? Kwa nini aliacha nionekane mbaya mbele ya mume wangu?

Aliusugua ukingo wa meza kwa kidole.

"Sikukununia," akasema. "Niliogopa. Ningefungua mdomo kukusemesha, ningekuambia yote."

Hapo mimi ndiye niliyelia. Nililia kijinga, nimesimama katikati ya mashuka machafu, nikijifuta kwa aproni ambayo ilikuwa yake.

Nilipomaliza nikaushika mkono wake. Ndipo nikaona kidole cha kati kimefungwa uzi mweusi juu ya kitambaa. Alijaribu kuurudisha mkono, sikumwachia. Nikaufungua uzi. Palikuwa na nukta ndogo tu nyekundu, na ngozi yake imevimba kuizunguka.

"Sindano?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Lini?"

"Jana mchana. Glovu zile ni nene, wifi. Nikizivaa sijui nashika nini. Vidole ndivyo vinavyoniona siku hizi."

Kila mtu wa kiwandani anajua la kufanya ukichomwa. Unasema palepale, unapelekwa hospitali siku hiyohiyo unaanzishiwa dawa, kwa sababu hujui sindano ile ilitoka kwa nani na ilibeba nini. Dawa hiyo haisubiri. Ukichelewa sana, haina kazi. Na wifi alikuwa analijua hilo kuliko sisi wote. Alinyamaza kwa sababu angeulizwa ilikuwaje akachomwa bila glovu, na swali hilo lingeleta lingine.

Nikamwambia avue koti tunaondoka. Akakataa. Akasema ataondokaje katikati ya zamu, atamwambia nini Kikohozi? Nikamwambia la Kikohozi aniachie mimi.

Nilipokuwa narudi kwenye kile kichochoro nilijua ninachokwenda kufanya, na nilijua pia ninachokiacha. Nadhani wengi wenu mnasubiri niwaambie kwamba niliipenda ile kazi ghafla. Sikuipenda. Mpaka ninapoandika haya siipendi. Lakini mlango niliokuwa nimeufungua asubuhi ile, wa kutoka na heshima yangu, niliuona unafungwa, na aliyekuwa anaufunga ni mimi mwenyewe.

Kikohozi alikuwa bado dirishani.

"Nabaki," nilimwambia.

Akakohoa. Akasema vizuri, nirudi basi kwenye pasi, foronya zimejaa.

Nikamwambia kabla ya hapo naomba ruhusa. Miguu ya wifi imevimba, hawezi kusimama, lazima nimfikishe hospitali leo, na mimi ndiye mkuu wake sasa. Sijui nilipata wapi uso wa kusema vile. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo.

"Ukuu wako hauna hata nusu siku tangu uukubali, na tayari unaomba ruhusa," akasema. Kisha akageuka dirishani. "Nendeni. Ila kesho mapema."

Tukaenda. Njiani wifi alinishika kiwiko, na kwa namna alivyokishika nikajua amekuwa akitembea peke yake kwa muda mrefu akiiogopa kila ngazi na kila mtaro.

Hospitali tulikaa benchi hadi tukaitwa. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu. Aliuliza sindano ilikuwa ya namna gani, imechoma wapi, saa ngapi. Akatoa damu, akahesabu vidonge, akamweleza wifi kwamba atavimeza kila siku bila kuruka, na kwamba atarudi kupimwa tena.

"Mmewahi," alituambia. "Mngesubiri zaidi nisingewaahidi kitu."

Akampa kidonge cha kwanza na kikombe cha maji. Wifi akanyoosha mkono kukipokea, ukapita pembeni ya kikombe, ukashika hewa. Akaurudisha, ukapita tena. Muuguzi aliniangalia mimi. Nikakichukua kikombe nikamwekea mkononi. Wifi akameza.

Tulipotoka tukakaa nje kwenye ukuta mfupi, apumzike kabla ya kuanza kurudi. Nikamwambia haingii tena kile chumba. Kesho nitakwenda mwenyewe kusema ameacha kwa ajili ya miguu, na mwisho wa mwezi tutaona.

"Tutakula nini?" akaniuliza.

"Mshahara wangu."

"Wa kazi usiyoipenda."

"Nani amekuambia siipendi?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu aniwekee aproni mikononi. "Wifi, yameharibika macho, siyo masikio. Unavyopumua asubuhi ukivaa viatu mimi nasikia kutoka chumba cha pili."

Nikacheka na mimi. Watu walikuwa wanapita na magonjwa yao.

Baadaye akasema amechoka. Si kazi, amechoka kuficha. Akasema leo hii atamwambia mdogo wake kila kitu, macho na sindano na kiti. Atamwambia kwa mdomo wake, nisimsemee. Atamwapisha kwanza kwamba hatashuka kitandani.

"Atakuomba msamaha," akaniambia. "Usimpe haraka. Mwache ahangaike kidogo."

Tulirudi kwa njia ya nyuma, ile inayotoka hospitali ikapita sokoni, kwa sababu haina magari mengi na wifi anaiogopa barabara kubwa. Jua lilikuwa bado lipo. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilikuwa narudi nyumbani bila kuogopa mlango wa kuingilia.

Uani tulimkuta jirani wa chumba cha mwisho, anaanika nguo. Wifi alimsalimu kwa sauti, akaachia kiwiko changu. Pale ni kwake, kila jiwe analijua. Akapapasa ukuta kwa vidole, akaingia ndani.

Mimi jirani alinivuta mkono.

Aliniuliza kama nimekutana naye. Nikamuuliza nani.

"Mume wako."

Nikamwambia mume wangu amelala. Jirani akatikisa kichwa. Akanieleza harakaharaka, kwa sauti ya chini, huku pini za kuanikia ziko mdomoni na anazitoa moja moja. Mchana alisikia kitu kinagonga sakafu. Kwenda kutazama, akamkuta mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kutokea, anahangaika na kiatu. Akamwomba amfungie kamba. Jirani akamuuliza anakwenda wapi na hali ile. Akajibu anakwenda kiwandani kumwona nyapara, ampigie magoti ikibidi, dada yake arudishiwe kiti chake. Alisema mke wake ameshindwa kukiachia, basi atakwenda kukiomba yeye.

"Nilimzuia," jirani alisema. "Alishika fimbo mkono huu na mpini wa deki mkono ule, akaniambia atakwenda pole pole. Alikuwa anatoka jasho kabla hajafika hata hapo getini. Nilijua mtakutana njiani."

Hatukukutana. Sisi tulikuwa tumepita njia ya nyuma.

Nilitazama kivuli cha nguo zile ukutani. Kilikuwa kimeshakuwa kirefu. Kutoka pale mpaka kiwandani mtu mzima wa miguu miwili hatumii muda mrefu. Yeye alitoka mchana, na mpaka sasa hajarudi, wala hakuna aliyeleta habari.

Neno moja tu. Kama asubuhi ile ningemwambia neno moja, kwamba naenda kuacha kazi, angebaki kitandani. Kama wifi angesema. Sote tulikuwa tunamlinda asishuke, na kimya chetu ndicho kilichomshusha.

Nilitaka kukimbia palepale, niifuate barabara kubwa. Kisha nikamkumbuka wifi, yuko ndani.

Nikaingia. Chumba chetu pazia lilikuwa limeshushwa, kuna giza la kutosha hata kwa mwenye macho yake. Juu ya kitanda mablanketi yalikuwa yamerundikana upande wa ukutani, kama mume wangu alivyozoea kulala siku zile, ametupa mgongo.

Wifi alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na kitanda, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye mablanketi. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, sauti ambayo nadhani ndiyo aliyokuwa akimbembelezea alipokuwa mtoto.

"...kwa hiyo mkeo hana kosa," alikuwa anamalizia. "Kosa ni langu mimi. Na macho haya siyo mwisho wa dunia, usije ukafikiri hivyo. Nimekuomba jambo moja tu. Usishuke."

Akasikia hatua zangu mlangoni. Akageuka upande wangu, na uso wake ulikuwa umelowa, lakini ulikuwa mwepesi, uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Nimemwambia yote, wifi," akaninong'oneza. "Bado amekasirika. Hataki hata kunijibu."